Kuku wa kulalia mayai na kuku wa kulea vifaranga: jinsi ya kumpata anayeweza yote mawili

Mtetea Mweusi (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Maswali ya mayai kutototolewa ni mengi sana humu, lakini wachache wanauliza kuhusu mama mwenyewe. Mtu anakusanya mayai 12, anamkamata kuku yeyote anayeng'ang'ania kiota, anamwekea. Wiki ya tatu anapata vifaranga tisa, anafurahi. Mwezi ukiisha wamebaki wawili, na lawama zote anabebeshwa mwewe.

Mimi nafuga kienyeji huku Mlandizi, na msimamo wangu ni huu: kulalia ni kazi moja, kulea ni kazi nyingine. Kuna koo halinyanyuki kiotani hata ukipiga ngoma pembeni, lakini vifaranga wakishatoka hajui la kufanya nao. Kwa hiyo hesabu ya siku ya 21 ni nusu ya kazi tu. Mimi nahesabu waliobaki hai wiki ya sita, na kwa hesabu hiyo ndiyo naamua kuku gani abaki na yupi aende sokoni.

Nianze na aina. Kuku wetu wa kienyeji wa kawaida ndiye mama bora, hasa mwenye umbo la wastani, manyoya mengi kifuani na miguu isiyo mirefu. Morogoro kuna wale wa miguu mifupi wanaoitwa Ching'wekwe, ni wepesi na wanatulia kiotani. Kuchi ni kuku mzuri wa nyama na wa kuongeza umbo kwenye kundi, lakini uzito wake na ile miguu mirefu vinavunja mayai na kukanyaga vifaranga, kwa hiyo mimi namchukulia mayai nampa mwingine alalie. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, analalia vizuri, ila ana manyoya machache mwili mzima, siyo shingoni tu, kwa hiyo mpunguzie mayai, hasa Juni na Julai. Kuku wa mayai wa kisasa msahau kabisa: tabia ya kuatamia imeondolewa kwenye uzao wao kwa makusudi, kwa sababu kuku akilalia hatagi.

Umri nao una maana. Tembe wa mtago wa kwanza mara nyingi hatulii, analalia siku tano kisha anahama. Mwache atage, mayai uyale. Kuanzia mtago wa pili ndipo umpime.

Sasa kumpima. Kuku kukaa kiotani mchana haitoshi, huenda anataga tu. Nenda usiku na tochi. Ukimkuta bado yupo kiotani wakati wenzake wamepanda kwenye vichanja, ukipeleka mkono anatutumua manyoya, anakoroma na kudonoa, na ukipapasa kifuani unakuta manyoya yamepukutika ngozi ina joto, huyo tayari. Lakini usimpe mayai yako mazuri siku hiyo. Mhamishe usiku uleule mpaka kiota utakachotaka alalie, mwekee mayai viza mawili au matatu (hata ya kuchemsha yanafaa), halafu muache siku mbili. Akikubali pale, hata ukimfunulia mchana harudi kiota cha zamani, mpe mayai ya kweli usiku unaofuata. Asipokubali, umepoteza mayai viza tu.

Idadi ya mayai ni 10 mpaka 12 kwa kuku wa kawaida. Kipimo chenyewe ni cha macho: akikaa usione yai hata moja likichungulia pembeni. Yai linalochungulia leo, kesho anakuwa amelizungusha kwenda katikati na kulitoa jingine, kwa hiyo moja likizidi linaharibu mengi, siyo lenyewe tu.

Mayai yawe mapya. Huku pwani joto la chumbani linavuka nyuzi 28, na kiinitete huanza kukua polepole joto likizidi nyuzi 21 hivi. Yai likikaa siku kumi kwenye trei jikoni, kiinitete kimeanza na kusimama mara nyingi mpaka kimechoka. Mimi sivushi siku saba. Yaweke ncha butu juu, sehemu yenye ubaridi na kivuli, siyo ndani ya friji maana friji ni baridi kupita kiasi. Usiyaoshe. Lenye kinyesi kingi kula. Na kabla ya kumwekea, yaandike tarehe kwa penseli yote, kwa sababu kuku wengine watakuja kutagia humohumo na bila alama utakuwa na yai la siku 20 na la siku mbili tumbo moja.

Kiota kisiwe na kina kirefu. Ndoo na mapipa yanamlazimisha kuku kuruka ndani juu ya mayai. Weka tabaka la udongo kidogo chini, ulifinyange libonyee katikati, juu yake nyasi kavu. Udongo unashika unyevu na mayai yanabaki yamekusanyika. Sehemu iwe na giza kiasi, isipitiwe na mbwa wala watoto.

Hapo siku 21 zinaanza. Mama atatoka mara moja kwa siku, kama dakika 15 au 20, ale, anywe, aoge mchanga na aache kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu kali. Asipotoka kabisa mnyanyue wewe, mkono chini ya mbawa kwanza maana mara nyingi ameshika yai kwapani, ukimnyanyua ghafla linaanguka. Siku ya saba pima mayai usiku kwa tochi ya simu. Lenye mishipa inayotawanyika kutoka kidoa kimoja ni zima. Lililo jeupe tupu halikurutubishwa. Lenye duara jekundu limekufa. Kuanzia siku ya 18 usiyaguse tena.

Naweka nukta hapa kwanza, sehemu ya kulea nitaileta. Maswali karibuni.

Fundi Banda

Mkuu uzi mzuri, ila kwa nini uhangaike na kuku mmoja mayai 12 wakati kuna mashine? Mimi niko Dodoma, nina ya mayai 100, naweka, nasahau.

Mtetea Mweusi

Fundi, mashine siipingi. Mwenye mayai 60 kwa wiki lazima awe nayo. Lakini hausahau hata kidogo, na wewe unajua. Inataka nyuzi 37.5 mpaka 37.8, unyevu wa asilimia 50 hadi 55 kisha 65 na zaidi siku tatu za mwisho, na umeme ukikatika masaa sita usiku wa Juni kule kwenu unaamka na mayai yamepoa. Halafu vifaranga wakitoka ndipo gharama inapoanza: joto la nyuzi 32 mpaka 35 wiki ya kwanza, mkaa au taa, na mtu wa kuwaangalia usiku. Kuku anayajua hayo bila umeme.

Tena vitu hivi viwili vinaoana. Mashine itotoe, kuku alee. Ukiwa na mtetea aliyelalia wiki mbili na kuendelea, siku mashine inapototoa mwekee vifaranga chini ya mbawa usiku, mmoja mmoja, huku ukiyaondoa mayai yake. Wawe wa siku moja au mbili, hapo bado wana kiini tumboni na hawajazoea mwanga wa taa. Wa wiki moja hawamfuati, na yeye anawadonoa. Alfajiri uwepo pale uone anavyowapokea.

Fundi Banda

Hilo la kuoanisha nitalifanyia kazi. Anabeba wangapi?

Mtetea Mweusi

Kulea ni zaidi ya kulalia. Koo mkubwa huku kwenye joto anabeba hata 20, vifaranga wanahitaji kujificha usiku na asubuhi tu. Kwa Dodoma wakati wa baridi usivuke 14. Angalia saa mbili usiku: wakiwa wote ndani ya manyoya, sawa. Wakiwepo wanaolia pembeni, wamezidi.

Binti Kilosa

Asante sana mkuu. Mimi nina Sasso na Kuroiler, wana miezi minane, hakuna hata mmoja aliyewahi kulalia. Nifanyeje walalie?

Mtetea Mweusi

Dada hakuna la kufanya. Sasso ni uzao wa Ufaransa na Kuroiler umetokea India, wote wametengenezwa kwa kukua haraka na kutaga zaidi, na hiyo tabia imepungua sana mwilini mwao. Unaweza kukutana na mmoja mmoja anayelalia lakini usimtegemee. Tafuta mitetea miwili ya kienyeji ya kawaida ikufanyie hiyo kazi. Na kumbuka kama jogoo wako naye ni Kuroiler, vifaranga hawatafanana na wazazi, watatoka mchanganyiko.

Mzee wa Tenga

Wewe kijana umeeleza vizuri. Niongeze jambo moja la zamani ambalo wengi wameliacha. Usimwekee kuku mmoja mmoja. Wa kwanza akianza kulalia mpe viza akae anasubiri. Wa pili akianza naye mpe viza. Wakifika watatu au wanne, siku moja wape wote mayai ya kweli. Watatotoa siku moja. Unawapa vifaranga wote kwa wawili walio hodari, wengine unawarudisha kwenye chakula kizuri wanaanza kutaga mapema.

Ila yule wa kwanza asisubiri zaidi ya siku saba au nane, anachoka.

Mtetea Mweusi

Shikamoo mzee. Hili ndilo lililokuwa linakosekana kwenye uzi. Wakuu lisomeni mara mbili.

Kaka wa Gairo

Mi naenda mbali zaidi. Vifaranga wakitoka tu nawanyang'anya, kuku namwekea mayai mengine papo hapo. Anatotoa mara mbili mfululizo, hata mara tatu. Faida tupu.

Mtetea Mweusi

Kaka hapo sikubaliani nawe kabisa. Kuku anayelalia anakula kidogo sana, anatoka amekonda, kidari kimekaa kama kisu. Siku 42 kiotani ni kumla mwenyewe akiwa hai, na siku 63 ni kumtafutia kifo. Manyoya yanapukutika, chawa wanamjaa, ugonjwa ukipita yeye ndiye wa kwanza kuondoka. Faida unayoihesabu ni ya vifaranga, ukihesabu na kuku utakayempoteza hutaiona.

Kaka wa Gairo

Mbona wangu hawafi?

Mzee wa Tenga

Kijana, mara mbili kuku mnene anaweza kuvumilia, ukimpa chakula hapohapo mlangoni mwa kiota. Mara ya tatu ni dhuluma. Mnyama huyu hawezi kukwambia amechoka, anaatamia kwa sababu mwili unamtuma.

Kaka wa Gairo

Sawa mzee, nimekusikia. Nitaishia mara moja kisha nimpumzishe.

Unguja Kusini

Huku kwetu Unguja adui si mwewe, ni kunguru. Wanakuja kundi, mmoja anamchokoza mama mbele, mwengine anachukua kifaranga nyuma. Mama hodari vipi hawezi. Dawa gani jamani?

Mtetea Mweusi

Pole sana. Wale kunguru wa India Dar nako wamejaa, nakuelewa vizuri. Wiki tatu za mwanzo usiwaachie nje. Mama mfungie ndani ya tenga kubwa au kibanda cha wavu, vifaranga nao humohumo, wavu uwe wa matundu madogo mpaka juu. Wale wanaoacha vifaranga watoke kwenye tenga na mama abaki ndani wanawasaidia kunguru, maana vifaranga wanazurura bila mlinzi. Wakifikisha wiki ya nne wameshaota manyoya ya mbawa na wanajua kukimbilia kichakani.

Na hapa ndipo niliposema nitarudi kwenye kulea.

Mama mlezi utamjua siku ya pili tu. Mrushie mchwa au kipande cha dagaa. Anayejua kulea hamezi kwanza. Anakiokota, anakiangusha, anakiokota tena, huku anaita kwa sauti fupi za harakaharaka, mpaka vifaranga wamekuja wakakichukua mdomoni mwake. Akikiona kikubwa anakivunja. Asiyejua kulea anameza, tena akimsukuma kifaranga pembeni. Jaribio hilo halihitaji kitu chochote na halidanganyi.

La pili, angalia mwendo wake asubuhi. Mlezi hatoki na umande. Anasubiri nyasi zikauke, anakwenda hatua tatu anaparura, anasubiri wa nyuma wafike. Mbaya anakwenda kasi, wadogo wanabaki wanalia kwenye majani yenye maji, wanapata baridi, jioni wamekufa na mfugaji anasema ni ugonjwa.

La tatu, kivuli cha mwewe kikipita. Mlezi anatoa mlio mmoja mrefu wa chini na vifaranga wote wanaganda au wanaingia chini ya kitu. Ukisikia mlio huo halafu vifaranga wanaendelea kutembea, ujue bado hawajamjua mama yao, waache ndani siku mbili zaidi.

La nne ndilo linalowaponza wengi. Wiki ya pili au ya tatu, koo mwingine anarudi kupanda kwenye kichanja jioni na kuwaacha vifaranga chini peke yao. Mlezi wa kweli analala chini nao mpaka wawe na manyoya. Pita bandani saa moja jioni uone nani yuko wapi.

Binti Kilosa

Hilo la mchwa nimelijaribu leo kwa koo la jirani. Kaita vifaranga hata kabla sijaondoa mkono! Nimemwomba aniuzie tembe wake.

Mfugaji Mpya

Wakuu samahani, kuku wangu alilalia siku 12 akakimbia kiota, mayai yamepoa. Nilipochungulia kiota kina vidudu vidogo vyekundu vinatembea mpaka mkononi. Ni nini?

Mtetea Mweusi

Huo ni utitiri, na kuku wako hana kosa. Wanajificha mchana kwenye nyufa na nyasi za kiota, usiku wanatoka kumnyonya damu. Kuku mwingine huvumilia mpaka anafia kiotani kwa kupungukiwa damu. Choma nyasi zote, kiota mwagia maji ya moto mpaka kwenye nyufa, kianike juani, halafu weka nyasi mpya zilizochanganywa na majivu na majani makavu ya mwarobaini chini. Kuku mwenyewe mpake dawa ya unga ya wadudu kutoka duka la mifugo, chini ya mbawa na karibu na mkia, na ufuate maelezo ya kwenye pakiti. Haya yote yanapaswa kufanyika kabla hajawekewa mayai. Viroboto wanaong'ang'ania usoni na kwenye upanga nao waondoe mapema, kwa kupaka mafuta ya mgando palipo na viroboto.

Mayai yaliyopoa usiku mzima siku ya 12, yapime kwa tochi. Ukiona kitu kinacheza ndani mpe kuku mwingine leo leo.

Mfugaji Mpya

Matatu yanacheza. Nimempa mwingine aliyekuwa na viza. Asanteni.

Nzega Mjini

Mayai ya kanga vipi? Kanga wangu wanataga porini na hawalalii vizuri.

Mzee wa Tenga

Mpe kuku, wengi tunafanya hivyo. Ila kanga ni siku 26 mpaka 28, kwa hiyo usichanganye na ya kuku, maana wa kuku wakitoka siku ya 21 mama anaondoka na kuacha ya kanga. Ukitaka kuchanganya, tanguliza ya kanga wiki nzima. Ganda ni gumu, kupima kwa tochi kunasumbua. Na vifaranga vya kanga ni wakimbiaji, wafungie na mama siku nyingi kidogo.

Dada Mvomero

Chanjo lini? Maana mwaka jana mdondo (kideri) ulimaliza mtaa mzima.

Mtetea Mweusi

Mama achanjwe kabla ya kulalia, kinga yake inapita kwenye kiini mpaka kwa kifaranga na kumshikilia siku za mwanzo. Chanjo ya mdondo inayovumilia joto, ile ya I-2 inayotengenezwa Kibaha na TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania), ni tone moja jichoni kwa kuku wa umri wowote, na unarudia kila miezi mitatu. Vifaranga waingie kwenye awamu inayofuata, usiwaruke kwa sababu ni wadogo. Ndui nayo inachanjwa kwenye ngozi ya ubawa. Kwa ratiba ya eneo lako muone ofisa mifugo wa kata, na mshirikiane na majirani, maana ukichanja peke yako mdondo utakuzunguka tu.

Chakula: mpe mama chakula kilekile cha vifaranga. Cha kuku wanaotaga kina chokaa nyingi, kinaumiza figo za vifaranga, na mama wakati huo hatagi, hakihitaji. Maji weka kwenye sahani ya kina kifupi na vijiwe ndani, wadogo huzama hata kwenye maji ya kimo cha kidole.

Binti Kilosa

La mwisho mkuu. Nikishampata koo mzuri, nawatenga vifaranga lini, na nawezaje kubaki na uzao wake?

Mtetea Mweusi

Akiachiwa mwenyewe anaweza kwenda nao miezi miwili mpaka mitatu, na muda wote huo hatagi. Ukiwatenga wiki ya nne wakati wa joto, au ya sita wakati wa baridi, anarudi kutaga baada ya wiki chache. Mtoe mama, vifaranga wabaki pale walipozoea, asiwasikie wala kuwaona.

Kuhusu uzao: siku unapowatenga, wafunge vifaranga wa koo huyo uzi wa rangi moja mguuni, legevu, uubadilishe kila wiki maana miguu inanenepa. Majogoo uza. Matembe bakiza mawili au matatu, na uwapandishie jogoo wa kutoka nje ya boma lako, siyo kaka yao, jogoo mmoja kwa mitetea isiyozidi kumi. Matembe hayo yakifika mtago wa pili, yarushie mchwa.